Everett Nils Sandquist, Aliyejaza Risasi kwa Mkono Wake (1943–2018)

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kwenye baridi hii, mimi ni Karin, binti wa Merle, na Merle ni mdogo wake marehemu wa pekee. Jumapili iliyopita mjane wake, Mama Mkubwa Dolores, aliniita jikoni kwake, akaniwekea kahawa, akaniomba niandike wasifu huu. Nilimuuliza kama niliguse jambo la mwaka 1979 au niliache. Joyce, binti yao, alikuwa amesimama kando ya jiko, akasema, "Mama, liacheni. Watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi." Mama Mkubwa akatikisa kichwa. "Andika yote, Karin. Usimpake asali. Yeye mwenyewe hakujipaka." Kwa hiyo nimeandika yote.

Marehemu Everett Nils Sandquist alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 katika shamba la babu, barabara ya Two Mile, nje kidogo ya mji wetu wa Corwin Mills, wilaya ya McKean, Pennsylvania. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Nils na Hulda Sandquist. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Kilutheri tulimo leo. Mdogo wake Merle alizaliwa mwaka 1947. Mama yao alifariki kwa kifua kikuu mwezi Aprili 1953, Everett akiwa na miaka kumi na Merle ana sita. Babu alikuwa mtu wa ng'ombe na ukimya. Basi tangu mwezi ule Everett ndiye aliyemwamsha Merle, akamfunga kamba za viatu na kumfungia mkate wa shule. Baba yangu husimulia kwamba kwa mwaka mzima mkate ule ulikuwa na siagi na kitunguu kibichi, kwa sababu ndicho kitu pekee Everett alichojua kukata bila kuumia. "Nilinuka kitunguu mpaka mwalimu akanihamishia dirishani," husema. "Lakini sikuwahi kwenda shule na njaa."

Marehemu alisoma shule ya msingi ya Two Mile, kisha sekondari hapa mjini, akahitimu Juni 1961. Hakuwa hodari wa vitabu. Alama zake za karakana zilikuwa za juu kuliko za wenzake wote, na za insha zilikuwa za kuhuzunisha. Mwaka 1962 aliingia jeshini, akapelekwa Ujerumani, ambako kwa maneno yake alimenya viazi na kuziba magari yanayovuja mafuta. Huko ndiko alikoshika bastola kwa mara ya kwanza, katika timu ya kulenga shabaha ya kikosi chao. Alirudi nyumbani Novemba 1964 akiwa na medali moja ndogo ya shaba, nayo hakumwonyesha mtu. Merle ndiye aliyeigundua ndani ya soksi.

Januari 1965 aliajiriwa katika kiwanda cha chupa, kitengo cha kutengeneza kalibu, yaani vyuma vya kuumbia chupa. Alikaa hapo miaka thelathini na sita, hadi alipostaafu mwaka 2001. Kazi yake ilikuwa kusugua na kuziba kalibu za chuma zilizolika, ili kila chupa itoke sawa na mwenzake. Wenzake walimwita Unywele, kwa sababu alipokosea hakusema amekosea kidogo, alisema amekosea unywele mmoja au nywele mbili.

Alikutana na Dolores Wisniak kwenye dansi ya ukumbi wa zimamoto. Yeye alikuwa Mkatoliki, binti wa mchimba makaa, na mzee Wisniak hakutaka kusikia habari za Mlutheri. Siku ya kwanza Everett kufika kwao, mzee alimweka kwenye kiti kisichokuwa na mgongo, akamhoji.

"Kijana, unakunywa?"

"Kidogo, mzee."

"Unacheza karata?"

"Sijui, mzee."

"Sasa unafanya nini ukitoka kazini?"

"Natoboa karatasi, mzee. Kwa bastola."

Mzee akamgeukia binti yake. "Dolores, huyu ana akili timamu?" Dolores akajibu, "Baba, angalau nitajua jioni yuko wapi." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Juni 1967. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joyce mwaka 1969 na Dale mwaka 1972.

Ni mwaka 1968 marehemu alipoanza kujaza risasi nyumbani. Wengi wenu mnaifahamu kazi hiyo, maana mmeiona kwenye meza yake katika chumba cha chini ya nyumba, kando ya tangi la maji moto. Unaokota maganda uliyokwisha kuyapiga, unayasafisha, unatoa fataki iliyokufa ya kuwashia baruti na kuweka mpya, unapima baruti, unamimina, halafu unakandamiza kichwa juu. Marehemu alipenda risasi laini, isiyorusha mkono, na dukani hakuipata ya kumridhisha. Mwaka wa kwanza alichemshia maganda katika sufuria ya supu ya Mama Mkubwa. Alipojua, alimnunulia mumewe sufuria yake, akaiandika kwa rangi nyekundu: YA EVERETT, SI YA BINADAMU.

Alijaza za kwake na za Merle. Ndugu hawa wawili walishindana pamoja katika ligi ya majira ya baridi, kila Jumanne jioni, na mwaka 1974 walishinda ligi ya wilaya kama jozi. Katika klabu yao ya shabaha kulikuwa na sheria ya wazee isiyoandikwa popote: usipige risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Walipomkumbusha Merle, aliwajibu, "Huyu si mtu mwingine. Huyu ndiye aliyenifunga viatu."

Jumamosi tarehe 18 Agosti 1979, saa nne asubuhi, uwanjani nyuma ya klabu, bastola ya Merle ilipasuka mkononi mwake. Ilikuwa risasi ya tatu. Nusu ya silinda iliruka, ukanda wa chuma wa juu ukafunguka kama kopo. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikatika hadi kiungo cha pili, kidole gumba kikabaki hakikunjiki hadi leo, na kipande kilimwingia shavuni. Miwani iliokoa jicho. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Everett, aliyefunga mkono ule kwa shati lake na kumwendesha hadi hospitali ya Bradford akiwa kifua wazi. Baba yangu alikuwa seremala. Mimi nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni mama akiosha viti vya gari la Baba Mkubwa kwa ndoo mbili za maji.

Watu wa klabu walisema bastola ilikuwa kuukuu. Mwenyekiti wa wakati ule alikuja nyumbani kwa Everett siku ya tatu, akakaa barazani, akamwambia kwa upole, "Everett, vyuma huchoka. Sema vyuma vilichoka, yaishe. Hakuna atakayeuliza zaidi." Marehemu alimshukuru, akamsindikiza hadi langoni. Kisha alishuka chini na kulifungua lile boksi alimotoa risasi za Merle. Zilibaki arobaini na saba. Alizifungua moja moja, akaweka baruti ya kila moja kwenye mizani. Arobaini na sita zilikuwa sawa. Moja haikuwa na baruti hata chembe.

Hapo akaelewa. Jioni alipokuwa akizijaza, Dale, wakati huo mtoto wa miaka saba, alianguka kutoka kwenye ngazi za baraza akalia. Baba yake aliacha kazi katikati ya safu, akapanda kumbembeleza na kumfunga goti. Aliporudi aliendelea pale alipodhani amefikia. Ganda moja lilipata baruti mara mbili, na lililofuata halikupata kitu. Dale, Mama Mkubwa amenituma nikuambie hapa mbele ya watu, kwa kuwa anajua umelibeba: baba yako hakuwahi, hata siku moja, kusema ni kwa sababu yako. Alisema, "Mtoto kulia ni kazi yake. Kuangalia ndani ya ganda ilikuwa kazi yangu."

Mkutano wa klabu ulikuwa Jumanne iliyofuata. Marehemu, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu, alisimama. Aliweka lile ganda tupu mezani. "Bastola haikuwa na ubaya," alisema. "Hili hapa halina baruti. Baruti yake niliitia katika risasi ya mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemkata kidole." Akaketi.

Merle alimsamehe akiwa bado kitandani hospitalini. Msamaha ulikuwepo, ila Everett hakuweza kuupokea. Alifunika meza yake kwa turubai. Aliacha ligi. Kila theluji ilipoanguka, kabla ya kwenda kiwandani, alikuja kwetu kufagia njia. Alipasua kuni zetu, akapaka rangi ghala letu, na kila Merle alipojaribu kushika msumeno kwa mkono wa kushoto, kaka yake alikuwa ameshaumaliza ubao. Baba akaacha useremala, akawa dereva wa basi la shule. Asubuhi moja nilimsikia akipiga kelele dirishani, "Ukija tena na koleo lako nitakumwagia maji ya moto, nakuapia!" Na Everett akajibu bila kuinua kichwa, "Mwaga, yatasaidia kuyeyusha."

Nilicheka siku ile. Baba hakucheka. Mambo yalichacha Sikukuu ya Shukrani mwaka 1984, nyumbani kwa Baba Mkubwa, bata mzinga akiwa mezani. Everett aliinuka akazunguka meza, akachukua sahani ya Merle ili amkatie nyama. Merle aliishika sahani ile.

"Niachie."

"Nakusaidia tu."

"Miaka mitano unanisaidia! Hukai nami, huongei nami, huniangalii usoni. Unakuja kama mtu anayelipa faini. Kaka, umenikata kidole kimoja, usininyime na kaka pia."

Everett aliweka uma, akatoka nje bila koti. Sisi tulirudi kwetu kabla ya pai. Tangu siku ile walisalimiana kanisani tu, kwa kichwa, kila mmoja kwenye benchi lake, karibu miaka saba. Mji huu una barabara mbili tu, na ndugu hawa walipishana humo.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1991 baba yangu aliendesha hadi kwa kaka yake bila kumwambia mtu isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye garini. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amejifundisha kupiga kwa mkono wa kushoto, kwa siri, miezi minne. Aliingia jikoni bila kubisha, akamwaga mfuko wa maganda matupu juu ya kitambaa cha meza cha Mama Mkubwa.

"Nijazie hamsini," alisema.

Everett alirudi nyuma hadi akagonga friji. "Siwezi. Merle, usiniombe hilo. Niombe kingine chochote."

"Kingine umeshanifanyia chote. Sina hata kijiti cha kuni cha kupasua. Nataka hiki."

"Nenda dukani ukanunue."

"Za dukani sizitaki."

Mama Mkubwa alikuwa akimenya viazi. Hakugeuka. "Everett," alisema, "mdogo wako amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Ukimrudisha leo, hatakuja tena, na mimi sitakuwa na la kukuambia."

Kwa risasi hamsini marehemu alitumia wiki tatu. Alitengeneza ubao wenye matundu hamsini, na baada ya kumimina baruti alipita tundu kwa tundu na tochi, akatazama ndani ya kila ganda, mara moja yeye, mara ya pili Mama Mkubwa, aliyevaa miwani ya kushonea na kunung'unika kwamba sasa amekuwa mkaguzi wa kiwanda. Alipima kila risasi iliyokamilika. Alikonda. Kiwandani walidhani anaumwa.

Tarehe 2 Novemba tulikwenda uwanjani, watu wanne tu. Everett alilishika boksi kwa mikono miwili. "Nianze mimi," alisema. "Nipige tano za kwanza."

"Ukianza wewe hazitakuwa zangu," Merle akajibu. "Sogea."

Hakusogea mbali. Alisimama upande wa kulia wa mdogo wake, karibu kuliko inavyoruhusiwa, mahali ambapo chuma kingeruka kama kingeruka. Risasi ya kwanza alifumba macho. Ya pili na ya tatu vilevile. Baada ya ile ya tatu baba yangu aliteremsha bastola, akasubiri, hadi kaka yake alipofumbua macho na kumtazama. Merle alipiga ya nne, na ya tano, na zote zilizobaki, taratibu, na Everett hakufumba tena. Ya hamsini ilipotoka, Merle aliweka bastola kwenye kibao.

"Zinavuta kushoto," alisema.

"Si risasi. Ni wewe."

"Nakwambia zinavuta!"

"Merle, hukuwahi kulenga hata ulipokuwa na vidole."

Mama Mkubwa alipiga ukelele, "Everett!" Lakini baba yangu alikuwa ameshainama, ameshika magoti, anacheka, kisha akaacha kucheka, na wale wanaume wawili wakashikana pale pale wakalia kama watoto wa Two Mile waliokuwa wamefiwa na mama yao. Niliokota maganda. Sikujua nifanye nini kingine.

Baada ya hapo turubai halikurudi mezani. Kwa miaka ishirini na zaidi marehemu alijaza za kwake na za mdogo wake, kisha na za kwangu. Kila masika alifundisha darasa la bure katika ukumbi wa zimamoto kwa wanaoanza, na hakumfundisha mtu kitu kabla ya kumsimulia habari ya Agosti 1979. Merle alikaa kando yake, akainua mkono wake wa kulia na kuuzungusha ili kila mtu chumbani auone. "Mimi ndiye kitabu cha masomo," aliwaambia. "Ukurasa mmoja umechanika." Marehemu hakuwahi kucheka kwenye utani huo. Wengi mliokaa humu mlipita katika darasa lile, na kwa neema ya Mungu hakuna hata mmoja aliyeumia.

Mei 2013 marehemu alianza kutetemeka mkono wa kushoto. Madaktari walisema ni Parkinson. Yeye alikuwa amejua kabla yao, kwa sababu punje chache za baruti zilimwagika nje ya ganda. Alizifagia, akafunga kopo, akapanda ngazi, akamwambia mkewe, "Nimemaliza, Dolores." Merle alipokuja kumshawishi kwamba dawa zitasaidia, alimkatalia. "Si hofu, Merle. Hofu ninaifahamu. Hii ni hesabu tu." Dale ndiye aliyekuja kufungua bolti za mashine ya kukandamizia risasi, na baba yake alimshikia taa.

Miaka mitano iliyofuata ugonjwa ulimnyang'anya kidogo kidogo: kijiko, vifungo vya shati, kalamu, ngazi, na mwaka jana karibu sauti yote. Mama Mkubwa alimtunza nyumbani. Alimlisha, alimgeuza, alimgombeza alipokataa dawa, na alilala kwenye kiti kando yake. Merle alikuja kumnyoa ndevu kwa mkono wa kushoto kila asubuhi baada ya kupeleka watoto shule kwa basi lake, na hata alipostaafu hakuacha. Everett alikubali kunyolewa. Nataka hilo lijulikane: mtu aliyekuwa hawezi kupokea kitu kutoka kwa mdogo wake, alikaa, akainua kidevu.

Mwishoni mwa Januari alishikwa na homa ya mapafu. Alikataa kupelekwa hospitali. Jumamosi tarehe 3 Februari 2018, theluji ikianguka, Merle alimpaka povu kama kawaida akaanza na shavu la kulia. Kidevu cha Everett kilikuwa kikitetemeka.

"Tulia, Kaka. Umekuwa kama ndama."

Everett alisema neno, la chini sana. Merle aliinama amsikie. "Nini?"

"Umekula?"

"Nimekula, Kaka. Mkate na mayai."

Akafumba macho. Merle akasuuza wembe katika bakuli, na alipogeuka, kifua cha kaka yake kilikuwa kimetulia. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mama Mkubwa alikuwa jikoni. Baba yangu hakumwita papo hapo. Alimaliza kwanza shavu la kushoto, polepole, akamfuta povu masikioni, akamchana nywele. Ndipo akasema, "Shemeji, njoo."

Marehemu Everett ametangulia mbele ya haki akiwa na miaka sabini na minne, akiwafuata wazazi wake Nils na Hulda. Ameacha mjane, Dolores, aliyeishi naye miaka hamsini na nusu. Binti yake Joyce na mumewe Paul, wa Erie. Mwanawe Dale na mkewe Rhonda, wa hapa Corwin Mills. Wajukuu watano, Kelsey, Bryce, Anneliese, Tanner na Wade. Kitukuu mmoja, Hulda, mwenye miezi mitatu. Mimi binti wa ndugu yake. Na mdogo wake, Merle, ambaye ameniomba nisimpe kipaza sauti, na ambaye tangu Jumamosi hajavua kofia ya kaka yake.

Pumzika, Baba Mkubwa. Bwana akupokee kwa upole, nasi atupe nguvu ya kurudi nyumbani bila wewe.